Programu Huria: Kampuni Ilipoacha Injini Yake, na Maswali Ambayo Mkazi Anafaa Kuuliza

Matini ya mazungumzo kwa wakazi, vikundi vya vijana na wahudumu wa vituo vya intaneti



Mkazi anapoingia eCitizen kuomba cheti, mfanyabiashara anapolipia kibali chake, au mwanafunzi anapotafuta nafasi ya chuo, wote hupitia mlango mmoja. Mlango huo ni kivinjari, ile programu ya simu au kompyuta inayofungua kurasa za intaneti. Wengi wanaifahamu kwa majina kama Chrome, Edge, Firefox, Opera au Safari. Wachache wanajua kilicho ndani yake. Wachache zaidi wamesikia kwamba kampuni ya Microsoft, mojawapo ya kampuni tajiri zaidi duniani, iliacha injini ya kivinjari iliyoitunza kwa zaidi ya miaka 20 na kuhamia kwenye msimbo ambao mtu yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuurekebisha.

Habari hiyo ilitokea Marekani, lakini ina uzito hata kwa mkazi wa kijijini. Serikali za kaunti hununua mifumo ya kompyuta kwa pesa za umma: ya kukusanya ada, ya kutunza rekodi za wagonjwa, ya kusimamia mishahara. Kila mfumo unaponunuliwa, swali huwa lile lile lililoikabili Microsoft. Je, ni bora kuwa na msimbo uliofungwa ambao mwenye ufunguo ni mmoja, au msimbo ulio wazi ambao wengi wanautunza pamoja? Jibu si rahisi, na mkazi anayelipa ushuru ana haki ya kulielewa.

Maktaba ya programu ni nini

Fundi wa mbao anapotengeneza kitanda hayeyushi chuma ili apate misumari. Anaenda dukani kununua misumari, gundi na bawaba, kisha anaweka ujuzi wake katika kitanda chenyewe. Watengenezaji wa programu hufanya vivyo hivyo. Kazi zinazorudiwa kila mara, kama kuchora herufi kwenye skrini, kufunga mawasiliano kwa siri au kusoma picha, huandikwa mara moja na kuwekwa pamoja. Mkusanyiko huo huitwa maktaba ya programu, na programu nyingine huazima humo.

Injini ya kivinjari ni mkusanyiko mkubwa wa aina hiyo. Ndiyo inayopokea maandishi ya ukurasa kutoka kwa seva na kuyageuza kuwa vichwa, picha na vitufe ambavyo mkazi anaviona. Rangi na nembo za nje ni mapambo. Kazi nzito iko kwenye injini.

Msimbo ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili kompyuta iyafuate. Msimbo uliofungwa huonwa na wafanyakazi wa kampuni pekee. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, mradi afuate masharti ya leseni hiyo.

Injini ya ndani na gharama yake

Mwaka 1997 Microsoft ilitoa toleo la nne la Internet Explorer likiwa na injini mpya iliyoitwa Trident. Kivinjari hicho kilikuja pamoja na Windows, na jambo hilo lilichangia serikali ya Marekani kuishtaki kampuni hiyo mwaka 1998 kwa kubana ushindani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya watumiaji tisa kati ya kumi duniani walikuwa wakitumia Internet Explorer.

Mshindani alipopotea, kasi nayo ilipotea. Toleo la sita lilitoka mwaka 2001, na la saba likaja mwaka 2006. Katika miaka hiyo mitano, ofisi nyingi duniani zilijengewa mifumo iliyofunguka kwa Internet Explorer pekee.

Korea Kusini ni mfano ambao kila serikali inafaa kuujua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi hiyo iliweka utaratibu wa vyeti vya kidijitali ili kulinda miamala ya benki kwenye intaneti. Nia ilikuwa nzuri. Lakini utaratibu huo ulijengwa juu ya ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer. Kwa miaka mingi, raia aliyekuwa na kompyuta ya aina nyingine alitatizika kulipia bidhaa au kupata huduma za serikali yake mwenyewe. Mabadiliko ya sheria iliyovipa vyeti hivyo hadhi ya pekee yalianza kutumika Desemba 2020, zaidi ya miaka 20 baadaye. Uamuzi wa kiufundi uliofanywa mara moja uliwafunga raia kwa kizazi kizima.

Mwaka 2015 Microsoft ilitoa Windows 10 na kivinjari kipya, Edge. Injini yake, EdgeHTML, ilitokana na Trident baada ya sehemu za zamani kukatwa. Ilikuwa na kasi, lakini ilikumbwa na tatizo lisilotibika kwa kasi. Watengenezaji wa tovuti walikuwa wakijaribu kazi zao kwenye Chrome ya Google kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na watu wengi. Ukurasa ulipovurugika kwenye Edge, mtumiaji aliilaumu Edge na kuhama. Tena, masasisho ya kivinjari yalitegemea masasisho ya Windows yenyewe, kwa hiyo marekebisho yalichelewa kumfikia mtumiaji.

Tarehe 6 Desemba 2018, Microsoft ilitangaza kwamba Edge ingehamia Chromium, mradi huria ambao Chrome nayo imejengwa juu yake. Toleo kamili lilitoka tarehe 15 Januari 2020. Edge ya zamani ilikoma kupata masasisho tarehe 9 Machi 2021, na Internet Explorer 11 ikastaafishwa tarehe 15 Juni 2022.

Msimbo ulioanza kwa kujitolea

Injini iliyo ndani ya Chromium haikuanzia kwa Google. Ukifuata asili ya injini yake, unafika kwa KDE, jumuiya ya watengenezaji programu wa kujitolea iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1996. Jumuiya hiyo iliandika injini iliyoitwa KHTML kwa ajili ya kivinjari chao, Konqueror. Haukuwa mradi wa kampuni kubwa. Ulikuwa harambee, kila mmoja akileta alichoweza.

Apple ilipotaka kivinjari chake, iliichagua KHTML kwa sababu msimbo wake ulikuwa mdogo na nadhifu. Safari ilitangazwa tarehe 7 Januari 2003, na injini yake ikaitwa WebKit. Google ilitumia WebKit ilipotoa Chrome mwaka 2008, kisha mwaka 2013 ikachepuka na kuanzisha injini yake, Blink. Blink ndiyo iliyomo ndani ya Chromium, na ndiyo Microsoft iliyoifuata.

Kwa hiyo Apple, Google na Microsoft, washindani wakubwa, wote wamefyatua matofali yao kutoka kwa udongo mmoja. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa mwendesha boda boda inapofungua ukurasa kwa Chrome, inatumia kazi ambayo mizizi yake ni ya wale wa kujitolea.

Hapa leseni ilifanya kazi kubwa. KHTML ilitolewa chini ya leseni inayomtaka anayebadilisha maktaba hiyo na kuisambaza aweke mabadiliko yake wazi pia. Apple ililazimika kurudisha. Hata hivyo, mwanzoni ilirudisha mabadiliko kwa mafungu makubwa mno, bila maelezo ya kutosha, na watu wa KDE walilalamika kwamba hawakuweza kuyatumia. Mwaka 2005 Apple ilifungua hazina yake ya msimbo ili kila badiliko lionekane linapofanyika. Kutimiza herufi za leseni ni jambo moja, na kushirikiana kwa kweli ni jambo jingine.

Jinsi uhamaji ulivyofanywa

Wapo wanaodhani kuhamia programu huria ni kupakua na kubadilisha nembo. Hatua zilizofuatwa na Microsoft zinaonyesha kazi ilivyokuwa.

Kwanza, kampuni ilitangaza nia yake mapema na kujiunga na mradi. Wahandisi wake walianza kutuma marekebisho kwa Chromium yenyewe badala ya kuyaweka kwao tu. Mengi yalihusu watu wenye ulemavu wanaotumia visoma skrini, matumizi ya betri, skrini za kugusa na kompyuta zenye chipu za ARM. Marekebisho hayo yanafika maelfu, na yanawanufaisha hata watumiaji wa Chrome. Sababu ya kufanya hivyo si ukarimu pekee. Anayeweka mabadiliko yake pembeni hulazimika kuyabandika upya kila toleo jipya linapotoka, na mzigo huo huongezeka kila mwezi.

Pili, kampuni ilikagua ilichokuwa ikichukua. Ndani ya Chromium kulikuwa na huduma zinazowasiliana na seva za Google. Microsoft iliondoa au kubadilisha zaidi ya huduma 50 za aina hiyo. Anayepokea msimbo wa wazi bado ana wajibu wa kujua data ya watumiaji wake inakwenda wapi.

Tatu, majaribio yalifanywa mbele ya umma. Matoleo ya awali yalianza kutolewa Aprili 2019, miezi tisa kabla ya toleo kamili, na yeyote aliyetaka aliweza kuyajaribu na kutoa malalamiko.

Nne, wa zamani hawakutupwa. Ofisi nyingi zilikuwa bado na mifumo inayohitaji Internet Explorer. Ndani ya Edge mpya kukawekwa hali maalumu ya kufungua mifumo hiyo, na kampuni ikaahidi kuitunza hadi angalau mwaka 2029. Kuhama bila kuacha daraja kungezifungia nje hospitali, benki na ofisi za serikali kwa siku moja.

Hatari zake

Itakuwa makosa kuwaambia wakazi kwamba programu huria haina dosari. Microsoft ilipotangaza uamuzi wake, shirika la Mozilla, linalotengeneza Firefox, lilionya kwamba intaneti inazidi kutegemea injini moja ambayo Google ina sauti kubwa ndani yake. Mkulima anaelewa hofu hiyo. Shamba lenye mbegu ya aina moja huliwa lote na ugonjwa mmoja. Dosari moja ya usalama ndani ya Chromium leo inagusa Chrome, Edge, Opera na vivinjari vingine vingi kwa pamoja.

Hatari ya pili ni kazi ya pamoja isiyo na mlipaji. Aprili 2014 iligunduliwa dosari iliyopewa jina Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba huria inayofunga mawasiliano kwa siri kwenye sehemu kubwa ya seva za dunia. Dosari hiyo ilikuwa imekaa humo kwa takriban miaka miwili, na ilimwezesha mdukuzi kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, hata nywila. Ilibainika kwamba maktaba hiyo, iliyotegemewa na kampuni zenye mabilioni, ilikuwa ikipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Ndipo kampuni kubwa zilipochangisha pesa za kusaidia miradi kama hiyo. Kisima cha kijiji hukauka au kuchafuka pale kila mtu anapochota na hakuna anayetengeneza pampu.

Kwa hiyo neno huria halimaanishi bure. Ada ya leseni inaweza kuondoka, lakini seva, mafunzo, ukarabati na mishahara ya wataalamu vinabaki. Kaunti inayohamia programu huria bila kutenga pesa za matunzo inajiwekea deni.

Kenya haijaachwa nyuma

Katika jambo hili Kenya ina historia ya kujivunia. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Nandi, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mfumo huo ulijengwa kwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisi. Ulitosha kwa kituo kimoja. Lakini mpango wa matibabu ya virusi vya ukimwi uliokuwa na makao Eldoret ulipopanuka, idadi ya wagonjwa ilizidi uwezo wa mfumo wa aina hiyo.

Mwaka 2004 wataalamu waliofika Eldoret kutoka Indiana waliona kwamba kuongeza viraka hakungetosha. Walianza kubuni mfumo mpya, wakaungana na wenzao waliokuwa na tatizo kama hilo katika nchi nyingine, na kazi ikawekwa wazi kwa wote kwa jina OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ukafika Rwanda. Leo unatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, mfumo unaotunza rekodi za wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya msimbo huo.

Vilevile, takwimu za afya ambazo vituo hutuma kila mwezi huingia katika DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambao Kenya ilianza kuutumia kitaifa mwaka 2011. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 na huduma nyingi za afya zikahamia kaunti, wahudumu wa kaunti waliikuta mifumo hii ikifanya kazi. Wataalamu wa Kenya wanaijua, wanaifunza na kuirekebisha bila kusubiri ndege kutoka ng'ambo.

Msimbo wazi si siri za wagonjwa kuwa wazi

Kuna hofu inayosikika mara nyingi: ikiwa msimbo uko wazi, je, rekodi za mgonjwa nazo ziko wazi? La. Msimbo ni kama ramani ya jinsi kabati inavyotengenezwa. Rekodi ziko ndani ya kabati, na kabati ina kufuli. Ramani ikijulikana, mafundi wengi wanaweza kuonyesha ubao dhaifu kabla mwizi hajauona. Lakini anayeacha ufunguo mlangoni ataibiwa hata kama ramani ilikuwa siri.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamfunga kila anayetunza taarifa za watu, iwe mfumo wake ni huria au umefungwa. Hakuna mkandarasi anayeweza kujitetea kwa aina ya leseni.

Maswali ya kuuliza

Mfumo mpya unapoletwa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, wakazi wanafaa kuuliza maswali haya, hata kama hawajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo:

Msimbo wa mfumo huu ni wa nani, na mkataba ukiisha kaunti itabaki na nini?

Je, kaunti inaweza kutoa data yake yote katika muundo ambao mfumo mwingine unaweza kuusoma, bila kulipa upya?

Mfumo unafunguka kwa kivinjari chochote na simu ya bei nafuu, au unahitaji kifaa cha aina moja?

Nani atarekebisha dosari ya usalama ikigunduliwa, na kwa muda gani?

Ni wafanyakazi wangapi wa kaunti watafunzwa kuutunza?

Mfumo wa zamani utaendelea kwa muda gani ili mtu asikose huduma wakati wa kuhama?

Maswali haya yana msingi wa kisheria. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka wananchi washirikishwe. Anayejibu kwamba mambo ya kompyuta ni ya wataalamu peke yao anasahau nani analipa.

Kwa wahudumu wa saiba, liko jambo la kufanya leo bila kusubiri kikao. Kompyuta zinazoendesha Windows 7 au 8.1 haziwezi kupata matoleo mapya ya Edge wala Chrome; kwa Edge, toleo la mwisho lilikuwa la 109, mwaka 2023. Mteja anayeingiza nambari ya kitambulisho na nywila ya eCitizen kwenye mashine kama hiyo yuko hatarini. Mashine ambayo haiwezi kupandishwa Windows mara nyingi inaweza kuwekewa Linux, mfumo huria usiotozwa ada ya leseni, na kivinjari kinachopata masasisho. Na kila mteja akumbushwe kutoka kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka kitini.

Wakazi wenye maswali zaidi wanaweza kuyawasilisha kwa msimamizi wa wadi yao au katika kikao kijacho cha ushirikishwaji wa umma.